Nukta za Mfaume

Baiskeli kumi na moja ziliegemezwa ukutani pa kituo cha polisi Kisarawe, zote za wizi, zote namba za fremu zimesagwa kwa tupa. Bi Sikudhani, aliyetoka Visiga alfajiri, alizipita moja moja kama anayechagua mananasi. Akasimama kwenye ile ya bluu. Rangi hakuijua. Aliijua karia, iliyopinda kidogo kushoto.

"Hii ndiyo iliyoibwa uani kwangu."

"Weee, bibi!" Didas, muuza mkaa aliyekamatwa akiiendesha, aliruka kutoka benchini. "Nimeinunua mnadani. Rangi nimeipaka mwenyewe!"

"Rangi ni yako, baba. Baiskeli ni ya mume wangu."

"Basi aje aseme mwenyewe."

"Yuko kaburini. Mfuate."

Koplo Elinipa alificha kicheko kwa daftari. "Bibi, karia zilizopinda ziko nyingi. Una alama nyingine? Usipokuwa nayo, siwezi kukupa."

Alama alikuwa nayo. Marehemu Mfaume hakujua kuandika. Wenzake walichorewa majina yao kwenye fremu, yeye akasema jina linafutika kwa mkebe mmoja wa rangi. Basi kila Sikudhani alipojifungua na kutimiza arobaini, Mfaume aliipindua baiskeli uani, tandiko chini, magurudumu juu. Sikudhani alishika gurudumu, naye akainama na nyundo na msumari mnene, tak! nukta moja chini ya fremu, pale katikati ya pedeli. Kisha kwa kidole chake chenye grisi akampaka mtoto kwenye unyayo. "Na huyu kaandikishwa." Sikudhani alinung'unika akifuta grisi kwa pindo la khanga, lakini moyoni alicheka. Karia hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka hospitali ya Tumbi na uchungu wake, amekalia kipande cha godoro, na Mfaume mbele akitangaza, "Shimo, mama! Shimo jingine!"

"Chini kuna nukta," alisema. "Tano. Watoto wangu watano."

Elinipa aliipindua, akakwangua rangi kwa ufunguo. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Ni sita, bibi."

"Si nilisema!" Didas akapiga makofi. "Kabahatisha huyo!"

Sikudhani akakaa kwenye ngazi. Sita? Mfaume hakuwa mtu wa kukosea hesabu, yule aliyejua idadi ya mikorosho yake na lini kila mmoja ulianza kuzaa. Na yeye mwenyewe, miaka yote aliyoshika gurudumu, hakuwahi kuinama kutazama.

Ndipo ikamjia. Baada ya Maua, kabla ya Salumu, kulikuwa na mmoja aliyekaa siku tatu tu. Siku ya saba ya kupewa jina haikufika. Bibi zake walimwambia Sikudhani, "Hakupata jina, usimhesabu," naye akatii. Tangu hapo akiulizwa husema watano. Ila jioni ya maziko, naye amelala ndani kaelekea ukutani, alisikia mlio mdogo wa nyundo uani, mmoja tu. Akadhani mume wake anatengeneza banda la kuku.

"Mwanangu," alimwambia Elinipa, "Maua ni wa pili. Tazama inayofuata. Itakuwa ndogo kuliko wenzake. Aligonga polepole, nisisikie."

Elinipa alipitisha kidole. Ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akasita, akarudia. Didas naye akainama, mikono magotini, akatazama muda mrefu. Aliponyanyuka alianza kufungua kamba yake ya mkaa kwenye karia, fundo moja baada ya jingine.

"Chukua, bibi," alisema bila kumtazama. "Breki ya nyuma haishiki vizuri. Uwe mwangalifu."

Elinipa akashika fremu aisimamishe.

"Ngoja kwanza," alisema Sikudhani.

Akapiga magoti, mifupa ikimlalamikia, akaweka kidole gumba kwenye nukta ile ndogo. Grisi ya zamani ikamganda kidoleni. Khanga ilikuwa begani, safi, lakini grisi hakuifuta.