Akala za Watu wa Kwato

Asubuhi ya siku ya soko mjini Kyuso, Muthama alikuwa ameketi kibandani pake akikata soli za akala kutoka kwenye tairi kuukuu la lori. Nduku, anayeuza ndengu kibanda cha pili, alikuwa amemletea akala iliyokatika kamba. Mwanamke mmoja mgeni akaja akaketi kwenye benchi kungoja zamu yake. Miguu alikuwa ameifunga kwa vipande vya gunia.

Nduku alipoondoka na akala yake, yule mwanamke akafungua gunia. Kuanzia magotini kwenda chini miguu yake ilikuwa na manyoya ya kahawia, na iliishia kwenye kwato zilizogawanyika kama za mbuzi. Ukwato wa kushoto ulikuwa umepasuka hadi kwenye nyama.

"Pole," Muthama akasema. "Umetembea sana."

"Njia hii ni ya mawe, msafiri," mwanamke akajibu. "Pumzika kwanza."

Muthama akaweka kisu chini. Sauti ile ilikuwa ya binti yake, Ndinda, na Ndinda walikuwa wamemzika mwaka uliopita.

Askari wa soko alipita, akaziangalia kwato, akauliza kama mnyama huyo amelipiwa ushuru. Muthama akamwambia ni mteja. Askari akaomba radhi, akaenda kwa wauza kuku.

Ndinda alikuwa ameajiriwa Nairobi na kampuni ya kutengeneza magemu ya simu. Kazi yake ilikuwa kuchora watu wa ndani ya magemu hayo, na watu aliowapenda zaidi ni hawa wa kwato, walinzi wa njia za mlimani. Alipokuja nyumbani Krismasi alimuuliza baba yake kiatu cha mtu asiye na vidole wala kisigino kinashonwaje. Muthama alifikiria siku mbili akichunga mbuzi na kuangalia wanavyokanyaga. Kisha akamwambia uzito unakaa ukingoni, kwa hivyo soli iwe nene pembeni na katikati ichimbwe, na pengo la ukwato lisibanwe, maana mguu hupanuka ukishuka mteremko. Wakachora pamoja kwa makaa kwenye mfuko wa saruji.

Kampuni ilikataa. Wakubwa walisema wachezaji wanapenda kuona kwato, walinzi waachwe miguu mitupu. Hawakutaka pia kutafuta watu wa kusema maneno ya walinzi, kwa hivyo Ndinda akayasema mwenyewe, wote, wanaume kwa wanawake. Halafu figo zake zikaharibika. Kampuni ilimwambia apumzike, asiwe na wasiwasi, na wiki hiyo hiyo wakamtoa kwenye bima ya matibabu. Alikufa asubuhi moja, wakati mama yake, Kathini, ametoka wodini kwenda kumtafutia uji.

Muthama akampigia Kathini simu shambani.

"Wacha kupalilia, kuja. Kuna mteja hapa."

"Mteja ndio wa kuniitia?"

"Kuja umsikie."

Kathini alifika na jembe begani. Akamsikiliza mlinzi akimwambia Muthama kwamba maji yako kisimani, bonde la pili. Akaketi naye benchi moja, akamshika mkono.

"Umekula?"

"Mlima huu haupandwi na mwenye haraka," mlinzi akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na maneno yale tu ambayo Ndinda aliyasema kwenye kinasa sauti, na hakuweza kuongeza hata moja. Muthama alikuwa ameshaelewa, akaendelea kupima ukwato. Kathini naye alielewa, lakini aliendelea kuuliza, taratibu, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli.

"Uliumwa sana?"

"Njia hii ni ya mawe, msafiri."

"Nyumbani utakuja?"

"Nenda salama. Mimi nitabaki hapa."

Muthama alikuwa anapitisha sindano kwenye ngozi ya ndani, ile laini ya kukinga kidonda. Kisha Kathini akauliza kwa sauti ya chini, "Siku ile nimeenda kutafuta uji. Ulinitafuta?"

"Nimekungoja tangu asubuhi," mlinzi akasema.

Kathini aliinama akafunika uso kwa leso yake. Muthama alimaliza akala ya pili, akamvisha mlinzi, akamwambia atembee kidogo. Mlinzi alitembea hadi kwa Nduku na kurudi, bila kuchechemea. Alishukuru kwa kuinamisha kichwa, akashika njia ya kwenda milimani.

Soko lililofuata walikuja wengine, wanaume wenye pembe fupi na wanawake wenye vilemba, wote wakizungumza kwa sauti ya Ndinda. Walipanga foleni vizuri. Muthama aliwashonea wote. Kathini aliacha kwenda shambani siku za soko. Alikaa kibandani akiwachemshia chai ambayo hawakuinywa, akiuliza maswali. Magugu yakafunika ndengu zake, na hakuna jirani aliyemsema.

Gedion, anayetengeneza simu karibu na posho mili, kinu cha kusaga unga, aliwaonyesha gemu lenyewe. Ndani yake walinzi walikuwa wamesimama kwenye njia zao za mawe, kila mmoja na akala zake.

Baadaye kampuni ikamtuma kijana aitwaye Musyimi. Alikuwa na adabu, akamwamkia Kathini vizuri na kunywa chai yake. Alisema akala hizo wamejaribu kuzifuta, zimekataa, lakini sasa wachezaji wamezipenda, na angeomba kuzipiga picha.

"Piga," Muthama akasema. "Lakini muandike jina la Ndinda. Mahali mnapoandika waliotengeneza."

Musyimi alizungusha kikombe mezani. "Mzee, tunaandika tu walio kazini siku gemu linatoka. Yeye alikuwa ameshatoka."

"Hakutoka. Alikuwa mgonjwa."

"Naelewa, mzee. Nitauliza."

Labda aliuliza. Toleo jipya lilipotoka, akala zilikuwa zinauzwa humo ndani kwa rangi tofauti tofauti. Gedion alipekua majina hadi mwisho, akarudia, lakini la Ndinda halikuwapo, akawarudishia simu. Kisha Muthama akabonyeza mlinzi mmoja ili Kathini amsikie. Mlinzi akaongea kwa sauti ya mwanamke mwingine, nzuri, iliyofundishwa. Kampuni ilikuwa imeajiri mtu.

Siku ya soko yule mlinzi wa kwanza alikuja tena. Kamba moja ilikuwa imelegea. Aliketi kwenye benchi akaunyoosha mguu, na Muthama akachukua sindano. Kidonda cha ukwato kilikuwa kimepona kabisa.

"Karibu, mpendwa msafiri," mlinzi akasema kwa ile sauti mpya. "Leo nikusaidie vipi?"

Kathini alimtazama usoni muda mrefu. Macho yalikuwa bado yale yale aliyoyachora Ndinda.

"Usiseme kitu, mama," Kathini akamwambia. "Kaa tu."

Mlinzi akanyamaza. Kathini akasogea karibu naye, akaegemeza kichwa begani pake. Muthama alimaliza kushona, akakata uzi, kisha akaendelea kuushika ule mguu mapajani mwake, huku wauzaji wakianza kufunga mizigo.