Miezi Kumi Bila Mkuu

Ubao wa wakuu wa shule ulining'inia ukutani pale wageni wanapofutia viatu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeusoma kwa makini, mpaka shule ile ya sekondari ya pembezoni mwa mji ilipoletewa mkuu mwenye ugonjwa wa hesabu. Mwezi wake wa kwanza tu, alisimama mbele ya ubao huo mikono nyuma, akazipitia tarehe kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Mama Faili," akamwita karani wake kwa jina la utani ambalo shule nzima ilimwita. "Mkuu wa nne ameondoka mwishoni mwa mwezi wa pili. Wa tano ameingia mwezi wa kwanza, mwaka uliofuata. Hapa katikati pana miezi kumi. Shule ilikuwa na nani?"

Mama Faili akakitua kikombe chake cha chai. "Nitaangalia kwenye mafaili, Mkuu," akasema.

Hakuwa na haja ya kuangalia chochote. Shule ilikuwa na yeye.

Mambo yalianza hivi. Mkuu wa nne alihamishwa, na naibu wake alikuwa masomoni. Mkuu mpya aliyeteuliwa alifika asubuhi moja ya mvua, akaitazama barabara ya shule, akavitazama viatu vyake, akasema atarudi Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika hadi leo. Huku nyuma ratiba ya mitihani inataka saini, wazazi wanataka majibu, tangi la maji limepasuka. Mama Faili akaandika barua moja, akapiga muhuri, akatia saini: kwa niaba ya Mkuu wa Shule.

Alikusudia iwe hiyo moja tu. Lakini mwonja asali haonji mara moja. Akapanga zamu za walimu, akafufua maktaba iliyokuwa stoo ya madawati mabovu, akamwandikia barua kali mwalimu wa historia aliyekuwa akiingia darasani wakati kengele ya kutoka inalia. Kila siku saa nne alipeleka chai ya mkuu ofisini, akafunga mlango, akainywa mwenyewe huku akikohoa kwa sauti nene ya kiume. Walioulizia waliambiwa Mkuu yuko mkutanoni. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini mwaka ule asiyekuwapo ndiye aliyekuwa na lake lote. Matokeo ya mtihani wa mwisho yalikuwa mazuri kuliko ya mwaka wowote, kabla na baada.

Miaka kumi na minane ilikuwa imepita. Ijumaa Mama Faili anastaafu, na Jumamosi shule inasherehekea miaka arobaini. Fundi rangi alikuwa ameshapandisha ngazi ukutani, anasubiri kuambiwa aandike nini.

"Nimepata dawa," Mkuu akasema baada ya chakula cha mchana. "Mkuu wa nne tumwongezee miezi kumi. Hesabu itakaa sawa. Niandalie karatasi nisaini."

Mkuu wa nne! Mtu mwema, hakuna anayebisha, lakini usingizi wake wa mchana ulikuwa na ratiba kuliko masomo. Mama Faili alikaa mbele ya mashine ya kuchapia vidole vikigoma. Akinyamaza, miezi yake kumi inakwenda kwa msinziaji. Akisema, huenda akatoka kazini kwa jina la mghushi wa saini, siku tatu kabla ya kuagwa. Akabeba faili zima la barua za miezi ile, akalitua mezani kwa Mkuu.

"Ni mimi," akasema. "Barua zote humo ni zangu."

Mkuu alisoma ukurasa kwa ukurasa. Ilichukua nusu saa, nayo ilikuwa ndefu kuliko miaka kumi na minane.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Mkuu. Hata mmoja."

Mkuu akaagiza aitwe mwalimu wa kemia, mzee pekee aliyebaki tangu enzi hizo. Akaja na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi.

"Mwalimu, miezi hii kumi, mkuu alikuwa nani?"

Mzee alimgeukia karani. "Mama, nimwambie?"

"Umwambie nini?" Mama Faili akauliza, macho yamemtoka.

"Jamani, Mama, kile kikohozi! Siku ya tatu tu tulishajua. Tukakaa chumba cha walimu tukakubaliana, atakayefungua mdomo ndiye atakayetuletea mkuu mwingine. Tukafunga midomo."

"Hata mwalimu wa historia?"

"Yeye ndiye aliyetuapisha."

Mama Faili akapandisha hasira kwanza. "Miaka kumi na minane! Kila mkaguzi akiingia pale mlangoni natafuta pa kujificha, na nyinyi mnanitazama tu?"

"Tulidhani unajua kwamba tunajua," mzee akasema kwa unyonge.

Hasira ikageuka kicheko, kicheko kikageuka machozi, na yeye hakuona haya kwa lolote kati ya hayo. Kumbe hakuwahi kuwa peke yake. Walimu ishirini na watatu walikuwa wamemtii kwa hiari, wakijua fika anayetoa amri ni nani.

Mkuu alifunga faili. "Kanuni haina nafasi ya karani kwenye ubao ule," akasema. "Ila haina nafasi ya mimi kusaini uongo pia. Twende."

Wakatoka wote watatu hadi kwenye ngazi. "Fundi," Mkuu akasema, "kati ya wa nne na wa tano kuna mtu. Miezi kumi kamili. Mwandike kwa herufi zilezile za wenzake."

Fundi akachovya brashi. "Jina?"

Mwalimu wa kemia akafungua mdomo, akaufunga. Mkuu akajipapasa mfuko wa shati, utadhani jina lilikuwa humo. Wakatazamana kwa aibu. Mama Faili aliwaacha wahangaike kidogo, akipangusa mashavu. Kisha akalitaja mwenyewe, majina yote matatu, na fundi akaomba alirudie polepole.