Mwenye Nyumba wa Ghorofa ya Tatu

Hakimu mpelelezi Maëlle Kerbrat alifika saa mbili asubuhi akiwa na polisi wawili, na kabla hajauliza lolote akafuta viatu vyake kwenye mkeka wa mlangoni, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Deolinda Carvalhais alimwona kutoka kwenye ngazi alikokuwa akisugua vishikio vya shaba, akampenda palepale. Miaka thelathini na minne ya kutunza jengo lile la mtaa wa kumi na sita, Paris, ilikuwa imemfundisha kwamba wakubwa wengi hawafuti viatu, na wasiofuta viatu hata salamu hawana.

"Nani mwenye nyumba ya ghorofa ya tatu?" hakimu akauliza.

"Kampuni. Imeandikwa kwenye sanduku la barua."

"Kilichoandikwa nimekiona. Nauliza mwenyewe ni nani."

"Bi Hakimu, mimi nafagia ngazi, nagawa barua, natoa mapipa ya taka. Macho nayaacha kitandani kila nikiamka."

Hakimu akacheka, tena kicheko cha kweli, kisha akaomba kukaa. Wakaingia katika kijumba cha langoni, chumba kimoja na jiko, ambacho Deolinda alipewa pamoja na kazi na ambacho angekiacha siku ileile kazi itakapokoma. Polisi walibaki nje kwa kukosa nafasi.

Wanawake wa Kireno kama yeye, walioshika nusu ya malango ya mtaa ule walikuwa na sheria yao moja: kinachopanda ngazi hakikuhusu. Shangazi yake, Etelvina, ndiye aliyemfundisha hivyo wiki ya kwanza, pamoja na namna ya kung'arisha shaba kwa limau. Deolinda aliwahi kuona wake wawili wa bwana mmoja wakipishana kwenye lifti, na hakumsimulia mtu. Alijivunia kimya chake kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma.

Hakimu alieleza habari yake kwa ufupi. Bwana Fulgence Massoko, Waziri wa Maji katika nchi yake ya mbali, alipewa pesa za kupeleka maji katika mji wenye watu elfu tisini. Mabomba hayakulazwa hata moja. Mwaka uleule, kampuni ya kisiwa fulani isiyo na ofisi wala mfanyakazi ikanunua ghorofa ya tatu. Mawakili wa waziri walidai kwamba yeye alikuwa mgeni tu, akikaribishwa na kampuni kila apitapo Paris.

"Wameibiwa watu wa huko, mnashtaki huku?" Deolinda akauliza.

"Mali ya wizi ikipita kwenye mlango huu, kosa limetendeka kwenye mlango huu. Ndiyo sheria yetu. Na sasa inasema pia kwamba nyumba kama hiyo ikiuzwa, pesa zirudi kwa walioibiwa." Hakimu aliinamia kikombe chake cha kahawa. "Lakini lazima nionyeshe kwamba nyumba ni yake. Mahakama inasikiliza Alhamisi. Nikifika mikono mitupu, kampuni itaiuza kabla sijavaa koti langu, na pesa zitaruka tena."

Deolinda alifikiria mji wa watu elfu tisini, akashindwa kuupata akilini, basi akafikiria kijiji chake kule Trás-os-Montes, Ureno, na mtungi aliokuwa akiutwika kichwani kutoka chemchemi hadi alipotimiza miaka kumi na minne. Alifikiria pia mazishi ya mumewe, Adelino. Katika jengo zima ni Bwana Massoko peke yake aliyekuja. Alisimama mvuani bila mwavuli mpaka mwisho, na shada lake la maua lilikuwa kubwa kuliko jeneza. Jambo kama hilo mtu halisahau.

"Sijui chochote," akasema hatimaye, na kwa mara ya kwanza hakujivunia kimya chake.

Alijua. Miaka miwili nyuma, katika mkutano wa wenye nyumba, ule unaofanyika kila Machi chini ya ngazi, yeye akipanga viti na kumimina kahawa, kulizuka ugomvi kuhusu zulia la ngazini. Zulia jekundu lilikuwa limechakaa. Bwana Hubert de Sainval, mwenyekiti wao, alitaka la kijani. Wenye nyumba wa Paris husameheana mengi, lakini zulia hawasameheani. Bwana Massoko, ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano, ambaye jina lake halikuonekana popote, siku hiyo alishuka na ndara zake, akapinga, kura zikapigwa, akashindwa. Mtu aliyeficha nyumba nzima nyuma ya kisiwa akashindwa kumeza zulia. Usiku hakulala, na asubuhi akamletea Deolinda barua ya kurasa mbili aliyoiandika kwa mkono wake, ili aibandike kwenye ubao wa matangazo kama walivyofanya wenye nyumba wote wenye manung'uniko.

Ubao ule ulikuwa na kioo, na ufunguo wake alikuwa nao Deolinda peke yake. Naye hakuwa na desturi ya kubandua. Tangazo jipya lilikaa juu ya la zamani. Hakimu alikuwa ameupita akiingia, na angeupita tena akitoka.

Jioni ile Bwana de Sainval alibisha hodi. Alikuwa mzee mrefu, mwanasheria mstaafu wa hati za nyumba, na kwa kawaida hakuwahi kushuka mpaka kijumbani.

"Deolinda, nipe ufunguo wa ubao. Nataka tuusafishe, umejaa takataka."

"Nitausafisha mwenyewe, Bwana de Sainval."

"Nimesema nipe." Akashusha sauti. "Sikiliza. Jina la jengo likiingia magazetini, bei ya nyumba zetu inaporomoka. Na unajua wapo wanaotaka tuondoe mtunza jengo tuweke namba za siri mlangoni. Mpaka leo mimi ndiye ninayewazuia. Machi haiko mbali."

"Hapana, haiko mbali."

"Umebakiza miaka mingapi kabla ya pensheni?"

"Miwili."

"Basi lala nalo hilo."

Hakumpa ufunguo, wala hakulala. Alikuwa na hofu, tena hofu ya wazi kabisa: akiwa na miaka sitini aende wapi na meza yake, kitanda chake na picha ya Adelino? Kaka yake kule Ureno alikuwa na mke mwenye ulimi. Asubuhi alijiambia kwamba hakimu ana mshahara na polisi, ajitafutie barua mwenyewe.

Jumapili mchana supu ya kabichi ilikuwa motoni simu ilipolia.

"Mama Deolinda! Hujambo mama yangu? Baridi ya huko bado haijakuua?"

"Bado inanitafuta, Bwana Waziri."

Bwana Massoko akacheka kicheko chake kinene, kile kilichokuwa kikisikika mpaka uani. Akamuuliza habari za magoti yake, kwa jina la kila goti, maana Deolinda alikuwa ameyabatiza. Hakuna mwingine jengoni aliyeyajua majina hayo.

"Nasikia wanakusumbua kwa ajili yangu," akasema. "Wasikutishe. Mimi na wewe si watu wa Paris, tunajuana. Waambie tu hujui, yaishe."

"Naweza kukuuliza kitu kimoja?"

"Uliza hata kumi!"

"Yale maji yalifika?"

Simu ikanyamaza kidogo. Deolinda alisikiliza kwa makini, kwa sikio lililosikiliza milango kwa miaka thelathini na minne, akatambua kwamba yule bwana hakuwa ameshtuka wala hakuwa akitunga uongo. Alikuwa akijaribu kukumbuka.

"Maji gani, mama?"

Angedanganya, angemsamehe. Angesema maji yamechelewa, mabomba yamekwama bandarini, mkandarasi ni mwizi, Deolinda angeyapokea yote kwa sababu ya ile mvua ya mazishini. Lakini watu elfu tisini walikuwa wamemtoka kichwani, na zulia alilikumbuka. Hasira ilimpanda Deolinda. Akamtakia bwana yule Jumapili njema, akakata simu, akazima jiko.

Jumatatu alimpigia hakimu. Bwana de Sainval aliona gari la polisi kutoka dirishani, akashuka ngazi mbilimbili, jambo ambalo umri wake haukuliruhusu.

"Deolinda, fikiria Machi!"

"Nimeshafikiria, bwana. Viti nitawapangia kama kawaida."

"Akifukuzwa kwa sababu hii," hakimu akasema bila kugeuka, "sheria inayowalinda mashahidi itakuja kubisha kwako, Bwana de Sainval. Wewe ni mwanasheria, unaijua."

Bwana de Sainval aliijua. Akakaa kwenye ngazi, juu ya zulia lake la kijani.

Deolinda akafungua kioo. Akabandua tangazo la mafundi wa rangi, la lifti, la mbwa aliyepotea na la mbwa aliyepatikana, akaitoa barua. Hakimu akaisoma kwa sauti:

"'Mimi, Fulgence Massoko, niliyeinunua ghorofa ya tatu na ambaye peke yangu ndiye mwenye nyumba hiyo, sitakanyaga zulia la rangi ya mchicha...'"

Polisi mmoja akageukia ukuta ili acheke vizuri. Hakimu hakucheka. Aliisoma mpaka sahihi, akaitia ndani ya mfuko wa ushahidi kwa uangalifu kama anayelaza mtoto.

Wiki ilipoisha mahakama ilikuwa imetoa amri, nao wakapanda wote kwenda kuifunga nyumba. Polisi aliandaa lakiri nyekundu ya kupiga muhuri mlangoni. Deolinda akamzuia.

"Maji yafungwe kwanza. Bomba likipasuka humu, wa ghorofa ya pili ataogelea."

Akaingia jikoni peke yake. Hakuna aliyeishi mle kwa miezi mitano. Kabla ya kutafuta koki kuu nyuma ya kabati, akafungua bomba la sinki ili kulijaribu, na maji yakaja mara moja, mengi, baridi, safi. Akaweka mkono chini yake. Hakuuondoa.

"Bi Deolinda?" hakimu akaita. "Tuko tayari."

"Nakuja."

Lakini aliyaacha yaendelee kutiririka, mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akapiga magoti, akaikaza koki kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, mpaka bomba likanyamaza.

"Haya," akasema akijifuta kwenye aproni. "Pigeni lakiri."