Finjani Haijatikiswa

...maana kuitikisa ni jambo la mara moja tu, mkono kulia, mkono kushoto, dele linarudi kwenye sinia na mtu haulizwi tena, ndivyo Blandina alivyofundishwa katika chumba hiki hiki cha Mchafukoge, na sasa finjani imo mkononi mwake, tupu, inanukia hiliki, na Fakhriya amesimama mbele yake na dele la kahawa, la shaba, la marehemu mama yake, anangoja, huku mdomo haujapumzika, "vyerehani viwili vya mama, shoga, na cha tatu nimeletewa juzi, vitambaa sasa si vinaingia, serikali imelegeza kidogo, tutashona za harusi, tutashona sare za shule, nimeshamwambia Mbaruk fundi yupo, alete tu kitambaa chake..." fundi gani huyo, anajiuliza Blandina, lakini wazo linampita, kwa sababu anajijua, akiitikisa hii finjani atakuwa amekataa vyote viwili, kahawa na kazi, atanyanyuka, atasema nitafikiria, atashuka ngazi wala hatarudi. "Njoo saa utakayo, ondoka saa utakayo, mimi sina king'ora," anasema Fakhriya, na king'ora hicho kinamlilia Blandina kichwani, kile cha kiwandani, saa moja kasoro robo asubuhi, miaka kumi na miwili ya kukimbia na kanga imefungwa vibaya, mpaka vipuri vikakosekana, mashine zikanyamaza, wakaambiwa nendeni majumbani mtaitwa... hajaitwa mtu. Na laiti wangeita, angekwendaje, Isidori amelala chumbani kule Kariakoo tangu Pasaka, upande mmoja wa mwili umekufa, saa nne ageuzwe, saa sita anyweshwe uji, saa tisa ageuzwe tena, mume mrefu vile, aliyekuwa akiinama kuingia mlangoni, ofisi gani itamchukua mwanamke wa kwenda na kurudi kama mshona ndala wa mitaani? Tatu ameziuliza, ya tatu yule bwana alicheka, tena kwa upole, na upole ule ndio ulioumiza. Kwa hiyo kazi ni hii, mji mzima hakuna nyingine, anajua, anajua kabisa, lakini kazi kwa rafiki... Candida, dada yake, alikwenda kuuza dukani kwa rafiki yake Theopista, watu waliopata komunyo ya kwanza siku moja, waliokuwa wakichangia hata kitana, na leo kanisani mmoja anakaa karibu na altare na mwingine mlangoni, na ilianza na nini, ilianza na "we Candida, hebu fagia hapo," mbele ya wateja, basi, hilo tu. Ukishaambiwa fagia na mtu uliyecheka naye, utacheka naye tena vipi? Na Blandina amebakiwa na wangapi wa kucheka nao? Mmoja. Huyu aliyeshika dele. Blandina alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka mmoja baada ya Azimio, mjomba Kasmir amemtoa Kibosho juzi juzi tu, akamleta hapa kwa Bi Hind, mama yake Fakhriya, ajifunze kushona, na Bi Hind, kanzu yake ya maua, vidole vya hina, akammiminia kahawa, akanywa, akammiminia, akanywa... Kwao kahawa waliichuma, waliiosha, waliianika, wakaibeba mpaka chama cha ushirika, hakuna aliyeinywa, ilikuwa ni karo na mabati ya nyumba, na kwao mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili na unakimaliza, kwa hiyo akapokea, akamaliza, ya tano, ya nane, machozi yanamlenga, ya kumi na moja mikono inatetemeka, na Fakhriya kule pembeni ameuma ushungi asicheke, mwovu yule, anajua na hasemi, mpaka Bi Hind mwenyewe akashituka, "Mwanangu, utakufa! Itikise!" Wakacheka watatu hao mpaka jirani akagonga ukuta, na moyo wake ulikwenda kama cherehani hadi magharibi. Ah, chumba hiki. Redio ilikuwa pale, kabati lile lile, dirisha lile lile la kuchungulia mikokoteni, na kila alasiri Bi Hind akienda kusali wao wawili wanapumua, Fakhriya anamsukumia nguo chini ya meza, "Blandi, nisaidie, mama ataniua," pindo limekwenda kombo kama njia ya kuku, na Blandina analifumua haraka, analishona upya, kwa malipo ya kipande cha halua na umbea wa mtaa mzima. Walikuwa wakichekea nini kila siku? Hakumbuki hata kimoja, anakumbuka mbavu kuuma tu, na anautamani ule uchungu wa mbavu kuliko chakula... Ngoja. Ngoja kwanza. Huyu hajui kushona. Miaka yote ile hakushona pindo moja likanyooka, na amefungua duka la kushona! Blandina anainua macho, na kumbe maneno yamekwisha zamani, Fakhriya ameinamisha dele, tone moja limeshadondoka juu ya mkeka wala hakuliona, "Blandi, sema basi, binti wa Mbaruk anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, kitambaa kiko kabatini, mkasi naogopa hata kuushika," na uso ni ule ule, wa msichana anayesukuma nguo chini ya meza. Fundi yupo, alisema. Amemwambia Mbaruk fundi yupo. Na ndani ya chumba hiki neno hilo lilikuwa la mtu mmoja tu, Bi Hind, mtaa mzima ulimwita hivyo, Fundi shikamoo, Fundi nguo yangu tayari, hata mumewe alimwita hivyo, na tangu azikwe halikuwahi kupewa mwingine. Kumbe huyu hakutafuta wa kumtuma kufagia. Alikuwa anaogopa peke yake, na yeye Blandina alikuwa anaogopa peke yake, na Kariakoo na Mchafukoge ni mwendo wa dakika kumi, saa nne kumgeuza Isidori, saa sita uji, saa tisa kumgeuza tena, na katikati ya hapo, mkasi. Ana furaha mpaka inauma. Dele bado liko pale pale hewani, Fakhriya bado anangoja, na mkono wa Blandina, ambao kiganja chake kilikuwa kimeshaanza kugeuka, unatulia, unakuja wa pili kuusaidia, na finjani inabaki imenyooshwa kwa mikono miwili.