Machozi ya Yasinta na Kioo Kipya

Yasinta alikuwa na macho mepesi. Saa moja tu mbele ya kompyuta ya ofisi, machozi yalianza kumtiririka. Angeweza kulalamika kama watu wengine. Lakini siku ya kwanza alipoingia kwa bosi wake, wakili Lameck, kuomba kiti kingine, aliingia bado anajifuta mashavu, na kabla hajamaliza salamu alikuwa amepewa kiti, feni na pole.

Kumbe Lameck, aliyeweza kumbana shahidi mahakamani hadi ajing'ate ulimi, hakuweza kumtazama mwanamke akilia. Tangu hapo Yasinta hakuomba jambo lolote asubuhi, macho yakiwa hayajaiva. Alingoja. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Yasinta ilidumu miaka miwili na ilikuwa ya lami.

Aliyeikata ni Generosa wa mapokezi.

"Bosi, yule dada halii," alisema. "Ni kompyuta inamtoa machozi. Mwite kabla hajaiwasha, uone."

Lameck hakugomba. Alimtuma Yasinta dukani, mjini Dodoma, akachague kioo kipya cha kompyuta kisichouma macho. "Mambo ya vilio sasa yaishe," alisema.

Dukani, muuzaji aitwaye Adamu alimwonyesha kioo kipana kinachong'aa kama bati jipya. "Hiki, dada, hata ukiwa ng'ambo ya barabara unasoma."

Yasinta alikipenda papo hapo. Kwa kioo kile angekuwa analia kabla ya chai ya saa nne, na likizo ya Krismasi ilikuwa yake. Shetani alimshika mkono kabisa. Lakini kila jioni kichwa kilimgonga, na usiku macho yalimwasha kama yamepakwa pilipili. Alikuwa amechoka kuumwa. Akamwomba Adamu apunguze mwanga, kisha akakielekezea kioo kamera ya simu. Kwenye simu, mistari myeusi ikapanda na kushuka.

"Kinatetemeka hiki," alisema.

"Hiyo ni simu yako, dada."

"Na mbona hiki cha pembeni hakitetemeki?"

Cha pembeni hakikuwa na urembo wowote, na uso wake haukurudisha mwanga wa mlangoni. Yasinta alivuta kiti akasoma kwenye kioo hicho mkataba mzima wa maandishi madogo, hadi Adamu akaona aibu akamletea soda. Macho yalibaki makavu. Akakichukua hicho.

Wiki nzima alichapa kazi kwa raha. Kisha kaka yake Luka akapiga simu kutoka hospitali ya Mvumi.

"Mama ameshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Bandeji wanafungua kesho asubuhi. Anasema mtu wa kwanza kumwona uwe wewe, na mama unamjua."

Mama hakuwa ameiona sura ya Yasinta vizuri kwa miaka mingi. Yasinta alitaka kwenda kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Aliingia kwa Lameck moja kwa moja, akaeleza yote, kweli tupu.

"Mama huyu huyu uliyenililia kuwa ni mahututi msimu wa zabibu, nikakupa ruhusa?" Lameck aliuliza.

"Ndiyo, bosi."

"Akapona siku mavuno yalipokwisha huko Hombolo. Zile zabibu ulizoniletea zilikuwa tamu sana." Akamtazama usoni. "Na leo mbona hata hulii? Rudi kazini, dada Yasinta. Kesho tuna nyaraka za mahakama."

Yasinta alirudi mezani. Alichapa mstari mmoja, wa pili hakuuona. Alilia kimya kimya, uso kwenye kioo, akijilaani kwa kila zabibu aliyoichuma. Lameck alipotoka na faili lake, akasimama ghafla.

"Hata hiki?" Akakigusa kioo, akamgeukia Generosa kwa hasira. "Tumeuziwa takataka. Pole, dada Yasinta. Nami nilikusema vibaya."

Yasinta alifungua kinywa aseme kwamba machozi haya ni yake mwenyewe. Lakini ni nani angemwamini?

"Kinachoma sana, bosi," alisema.

"Basi kesho usije. Kirudishe dukani, wakubadilishie."

Asubuhi alikuwa Mvumi, kioo chake kizuri kwenye boksi miguuni pake. Muuguzi alitoa bandeji taratibu. Mama alipepesa, akamtafuta, akampata. Akampangusa shavu kwa kidole gumba.

"Unalia nini, mwanangu? Nani kakuudhi?"

"Si kitu, mama. Ni kompyuta tu, hunitoa machozi."

Mama aliinama ukingoni mwa kitanda, akalitazama kwa jicho lake jipya lile boksi na selotepu yake yote.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza. "Mbona imefungwa?"