Karatasi Kumi na Nne

Jumatano, tarehe 13 Julai 1994, saa moja na dakika ishirini asubuhi, bhajia nne za Mwalimu Tryphosa zilifungwa kwa karatasi iliyochapwa kwa wino mweusi. Alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya Mama Disha, mjini Kisii. Mafuta yalikuwa yamelowesha pembe moja, lakini swali la saba lilisomeka vizuri: Neither of the buckets ___ leaking.

Sentensi hiyo, ya ndoo mbili zisizovuja na pengo la kujaza, aliitunga mwenyewe, jikoni kwake, ndoo mbili zikiwa miguuni. Ilikuwa katika mtihani wa majaribio wa Kiingereza ambao darasa la nane la tarafa nzima lingeufanya kesho yake saa tatu.



Jumamosi alikuwa ameuchapa mtihani huo katika ofisi ya elimu, kwa mashine ya stenseli, ile ya kurudufu nakala. Karatasi za kwanza kutoka katika mashine hiyo huwa na mabaka. Sheria ni kuzichoma siku hiyohiyo, na mtungaji hutia sahihi daftarini kwamba amezichoma. Zilikuwa kumi na nne. Mvua ilikuwa imejaza shimo la kuchomea, kwa hiyo Tryphosa alitia sahihi kwanza, akazibeba hadi shuleni kwake, akaziweka stoo ndani ya gunia. Angezichoma Jumatatu. Jumatatu alisahau. Siku ya Jumanne, Machogu, mtunza stoo, alipeleka dukani kwa Mama Disha madaftari makuukuu ya kufungia vitu, kama kawaida yake, na gunia lile likaenda pamoja nayo.

"Mama Disha, karatasi hizi umeanza kuzitumia lini?"

"Leo hii, mwalimu. Saa hata haijaisha. Kwani bhajia zinanuka wino?"

Tryphosa hakucheka. Aliomba rundo lote, akalipekua mara tatu. Kumi na moja. Pamoja na yake, kumi na mbili. Mama Disha aliwakumbuka wateja wawili waliotangulia. Wa kwanza alikuwa muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara. Karatasi yake ilikuwa bado mapajani, na aliitoa bila kuuliza. Kumi na tatu.

"Na wa pili?"

"Yule mwenzako mrefu, wa kofia. Alisema ana haraka, ana kipindi saa mbili."

Huyo alikuwa Cleophas. Alifundisha Kiingereza darasa la nane, chumba kimoja mbali na chake.

Tryphosa alipanda mlima wa shule akikimbia nusu, akitembea nusu, bhajia zikipoa mkobani. Alijiambia kwamba mtu mwenye njaa hasomi karatasi ya bhajia. Kisha akakumbuka kwamba Cleophas husoma hata vibandiko vya dawa ya ng'ombe.

Saa mbili na dakika sita alifika dirishani. Ubao ulikuwa umejaa. Sentensi ya juu kabisa ilikuwa ya ndoo, na wanafunzi arobaini na wawili walikuwa wameinama wakiinakili.

Cleophas alimwona, akatoka nje na chaki mkononi, karatasi yenye mafuta imekunjwa mfukoni mwa shati.

"Bhajia za leo zimenipa somo," alisema. "Aliyetunga sentensi hii simjui, lakini anajua kazi."

Tryphosa alimwomba karatasi hiyo. Alimpa. Kumi na nne.

Alisimama barazani akiwa nazo zote. Daftari lilisema zimechomwa, na kiberiti kilikuwa jikoni mwa shule, hatua thelathini. Lakini kesho saa tatu wanafunzi wale wangeikuta ndoo yao katika mtihani, na wa kwanza kuulizwa angekuwa Cleophas. Akisema kweli juu ya bhajia, nani angemwamini? Yeye mwenyewe, Tryphosa, asingemwamini.

Aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akashuka mjini.

Saa nne na nusu Bwana Nyamongo, afisa wa mitihani, alizihesabu karatasi mezani pake, moja moja, mpaka ya mwisho. Kisha akauliza, "Unajua unaweza kupoteza kazi kwa hili, mwalimu?"

"Najua."

Bwana Nyamongo aliagiza karatasi ya Kiingereza iondolewe kwenye mtihani wa tarafa nzima. Akamsogezea daftari. Tryphosa alichukua kalamu. Alikata neno "zimechomwa" kwa mstari mmoja, akatia sahihi pembeni.