Odile kwa Kijerumani

Filamu ile ya muuaji wa kisu ilipigiwa picha kijijini kwetu, milimani Auvergne, Ufaransa, na Odile, mke wa Gaëtan mwoka mikate, akapewa nafasi ya kuwa maiti wa kwanza. Alichinjwa mbele ya tanuri lao wenyewe, kwa kiwembe kilekile wanachochanjia mikate kabla haijaingia motoni. Tulicheka siku ile. Odile, damu ya bandia ikimchuruzika shingoni, alikwenda kuuza mikate akiwa hivyohivyo.

Baadaye akafa kweli, kwa maradhi ya mapafu. Zaidi ya filamu ile, Gaëtan hakuwa na kitu kinachomwonyesha mkewe akitembea na kucheka. Alijaribu kuitazama, akatoka kabla ya kiwembe. Tangu hapo hakuchanja tena mikate. Ilipasuka ovyo tanurini, nasi tukaila hivyohivyo, hata mimi mwenye mkahawa, ambaye mdomo wangu haujui likizo, sikusema neno.

Ndipo Fabrice, dereva wa lori, akarudi kutoka Stuttgart na kaseti ya filamu ile.

“Wajerumani wameikata,” akamwambia Gaëtan. “Hawataki damu. Mkeo hafi humo, bwana. Anafunga duka, basi.”

“Usinitanie, Fabrice.”

“Nikutanie, na huyu mama wa mkahawa ananikodolea macho hivi?”

Jumapili, misa ilipokwisha, mkahawa wangu ulijaa mpaka mlangoni. Niliweka kaseti. Odile akatokea, akajifuta unga kwenye aproni, akafumbua mdomo. Ikatoka sauti ya msichana, nyembamba, kwa Kijerumani.

“Huyo nani?” Gaëtan akauliza. Akachukua kofia yake, akasimama.

Nikazima sauti. Kwenye kioo cha televisheni Odile alikuwa akimpa mteja mikate, na maneno yale sote tuliyajua, alitwambia kila siku ya Mungu.

“Miwili, kipenzi, na umsalimie mama yako,” nikasema.

“Na ufunge mlango,” Fabrice akadakia kutoka nyuma, “au unataka tupashe joto barabara nzima?”

Mtu alicheka. Odile akazima taa ya duka. Akageuka kututazama, midomo ikicheza.

“Haya, kesho,” akasema Gaëtan, kofia mkononi.

Mlango ukafungwa. Filamu ikarukia asubuhi.

“Rudisha,” akasema.

Nilirudisha mpaka chakula cha mchana kikapoa majumbani, na hakuna aliyeondoka. Nilipokwenda tena kununua mkate, ulikuwa na ule mchanjo wake wa zamani, wa mshazari, umepinda kidogo kushoto.